Naliaka Hataki Kusema Amebanwa

Uthiru, Nairobi

Kwako Mayi, mama yangu,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii ya Uthiru. Magoti yako yanaendeleaje? Na yule ng'ombe mkorofi amezaa, au bado anawachezea akili? Sisi tupo. Mjukuu wako Naliaka anapumua, anakula kidogo kidogo, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikifumbua macho.

Kabla hujasoma zaidi, tafadhali toka hapo jikoni. Ingia chumbani na miwani yako, ufunge mlango, na usimpe dada yangu Nasimiyu akusomee. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako huongea na boma zima, na mambo yenyewe ni ya mkojo. Tangu lini mwanamume akamwambia mamake habari za mkojo? Nimejaribu mara kadhaa, mdomo ukakataa. Ndiyo maana nimempa binamu yangu Barasa barua hii, kwa kuwa anakuja huko kwenye mazishi ya jirani yenu.

Wiki iliyopita uliniambia kwenye simu, "Mlete mtoto nyumbani Jumamosi ya mazishi. Mwanamume hawezi kulea msichana." Nikanyamaza, ukafikiri nimekasirika. Nilikasirika, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha hospitali, mtoto ana sindano ya maji mkononi, na nilikuwa sijakwambia lolote. Sasa nakwambia.

Unajua tangu mamake aende kazi Uarabuni tumebaki wawili. Mwezi wa nane ulikaa naye, akarudi amenenepa, ananijibu kwa Lubukusu, anaomba kabla ya kula. Nilifurahi sana. Kwenye mfuko wa njugu ukatutilia na zile dawa za malaria, kwa sababu sisi watu wa huko tunajijua: mtoto akitoka nyumbani akapata homa, ni malaria, hakuna kuuliza.

Na homa ikaja kweli. Hakuwa na mafua wala kikohozi, moto tu, na kulalamika tumbo. Nikampa dawa zako bila kumpima damu. Otieno, ninayeshona naye vitambaa vya viti pale karakana, akanitia moyo: "Si alitoka shags juzi? Hiyo ni malaria bana, wacha stress." Homa ikashuka, ikapanda tena. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyekuwa ameacha zamani, na mashuka yakawa na harufu kali isiyo ya kawaida. Nikadhani ni kumkosa mamake. Nikayafua kwa sabuni nyingi, basi.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona nisilione. Ukimkuta karakana utaona amechuchumaa ghafla, amekalia kisigino kimoja, anabana, macho yamesimama. Mimi na Otieno tulicheka tukisema anacheza mchezo wa chura. Mayi, nikikumbuka kicheko hicho natamani kujipiga.

Siku ya kupeleka viti Woodley sikuwa na mtu wa kumwachia, kwa hiyo nikamketisha mbele kwenye pikapu. Mteja wetu ni mama mzee, Mama Njoki, anayeishi kwenye zile nyumba za zamani za kaunti tangu ujana wake. Tulipokuwa tunahangaika kupitisha kiti mlangoni, Naliaka akachuchumaa vilevile. Mama Njoki akamtazama mara moja tu. "Huyu amebanwa na susu. Kuja, cucu akupeleke." Mtoto akamkimbilia huyo cucu, yaani nyanya. Nikashangaa, maana nilikuwa nimemuuliza tukiwa njiani akakataa.

Kisha nikasikia yowe. Niliacha kiti kikaning'inia kwa Otieno peke yake. Mama Njoki akatoka msalani amemshika, uso umembadilika. "Baba Naliaka, huyu mtoto analia akisusu. Na ako moto kama jiko. Umempeleka hospitali?"

"Ni malaria, mama. Anakunywa dawa."

"Malaria gani inachoma huko chini? Wachana na hizi viti. Enda saa hii."

Naliaka akatapika palepale, juu ya kitambaa kipya ambacho hata hakijakaliwa. Nilipotaka kuomba msamaha, mama yule alinifukuza kwa mkono. Tukiwa kwenye pikapu mtoto akalegea begani kwangu, nikimwita haitiki vizuri. Sijawahi kuogopa vile. Sikumbuki taa hata moja ya barabarani.

Hospitalini walipima damu, malaria haikuwepo. Daktari, msichana mdogo tu kwa umri, akaanza kuniuliza. Anasikia uchungu akikojoa? Mkojo una harufu? Choo kikubwa anapata, au anakaa siku nyingi? Kila swali nikajibu sijui. Akaniangalia. "Baba, si wewe ndiye unakaa naye?" Ndiye mimi, Mayi. Namsuka nywele, najua wimbo wa kumlaza, lakini huko sikuwahi kuuliza wala kutazama. Namwachia maji ya kuoga na kugeuka, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Wakataka mkojo, na si ule wa kwenye poti. Unamsafisha mtoto kwa maji, unaacha wa kwanza umwagike, unakinga wa katikati kwenye chupa safi, usije ukapima uchafu wa ngozi ukadhani ni ugonjwa. Daktari alitaka kuupata kabla ya kuanza dawa. Naliaka akanyweshwa maji, akanyweshwa tena. Akakataa. Homa ilikuwa inapanda, nesi anakuja na kuondoka, mtoto amebana miguu anatetemeka. Daktari akasema ikizidi watautoa kwa mpira mwembamba wa kuingiza ndani. Nikapiga magoti mbele ya mtoto: "Mama, kojoa tu kidogo. Kwa nini hutaki?"

Akaninong'oneza, "Kukhu alisema msichana hasemi susu mbele ya wanaume. Anangoja mwanamke."

Kukhu ni wewe, nyanya yake. Hebu fikiria maisha yake, Mayi. Mchana nikimtoa shule tunakwenda karakana, na pale ni mimi, Otieno na wanaume wanaopanga bei ya viti. Jioni ni mimi tena. Mwanamke wa karibu ni Mama Brayo wa mlango wa pili, na yeye hurudi kazini giza likiingia. Mtoto wa miaka minne alikuwa anakaa na mkojo tangu mchana mpaka Mama Brayo afungue mlango. Kila siku, tangu atoke kwako. Na choo kikubwa vilevile.

Nikatoka nje. Nesi, mwanamke, akaupata mkojo mara moja. Ulikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Maambukizi yalikuwa yameshaanza kwenye kibofu yakapanda mpaka kwenye figo. Kwa kuwa alikuwa akitapika, walimtundikia maji na kumchoma sindano, baadaye wakampa dawa ya kunywa. Daktari akanieleza polepole kwamba mkojo ukikaa ndani muda mrefu vijidudu vinapata nafasi ya kuzaana, na njia ya msichana ni fupi, iko karibu na nyuma. Halafu akaniambia kilichoninyima usingizi: ikijirudia mara kwa mara, figo hubaki na makovu, na makovu hayafutiki. Anaweza kukua na presha, au figo zichoke kabla yeye hajazeeka.

Nilikulaumu, sitakuficha. Nilikulaumu kwa hasira kiasi kwamba uliponipigia nilishindwa kuongea. Baadaye nikatulia. Adabu hiyohiyo uliwafunza dada zangu na haikuwadhuru, kwa sababu kwenye boma letu popote msichana akigeuka kuna mwanamke: wewe, shangazi, wake za baba zangu wadogo. Hukumfunza vibaya. Ulimfunza kwa ajili ya boma, halafu akaja kuishi na mimi.

Sasa homa imeondoka. Baada ya siku chache za dawa alianza kurukaruka, Otieno akasema, "Si amepona? Wachia hapo hiyo dawa ingine." Nikamwambia ashone kiti chake. Daktari alisisitiza niimalize yote hata akicheza namna gani, la sivyo vilivyobaki vitarudi na ukali zaidi. Ninamnywesha maji mengi mchana, anakula papai na mboga za sukuma ili choo kisimkaukie, chupi ni za pamba, na ile sabuni ya povu lenye manukato niliyomnunulia nimeitupa. Nesi alinifundisha kumpangusa, kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume. Nilisikiliza nikiangalia sakafu, masikio yanawaka. Lakini nilijifunza.

Yote hayo nafanya, Mayi, na bado siko salama. Jana nilimkuta nyuma ya kochi karakana amekalia kisigino. "Naliaka, umebanwa?" Hapana. Miguu inatetemeka. Nikamwambia ruhusa ipo, mimi ni babako, niambie wakati wowote. Akaniangalia kama ninayemfundisha dhambi. "Lakini Kukhu alisema." Nikamwahidi biskuti. Daktari mwenyewe alishamwambia. Mama Brayo amemwambia. Sisi wote hatutoshi. Neno lako kwake ni kubwa kuliko la daktari na la kwangu yakijumlishwa, na nikimlazimisha kwenda choo kwa saa, anakaa pale anabana anatoka bila kitu.

Kwa hiyo Jumamosi simleti. Hii si jeuri. Lazima apimwe mkojo tena dawa zikiisha, na figo zipigwe picha. Na mimi ndiye babake, nitamlea, hata nikiaibika. Ninachokuomba ni hiki. Jumapili mkitoka kanisani nitapiga simu. Mwite kwa jina lake, umwambie kwa mdomo wako, kwa Lubukusu, kwamba akibanwa amwambie baba. Aseme palepale, hata wanaume wakiwa wamejaa. Weka hiyo simu kwa sauti ya juu ukipenda, boma zima lisikie, sioni haya tena.

Msalimie Nasimiyu, umwambie mtoto wake ni mchanga, hawezi kusema kinachomuuma. Akipata homa isiyo na sababu, au akikataa titi na kutapika, asianze na vidonge vya mfukoni, aende zahanati wampime damu na mkojo pia. Wasalimie shangazi aliyenilea mgongoni, baba mdogo wa kando ya mto, na kasisi wetu ambaye najua ataniombea bila kuambiwa ni kwa nini.

Mayi, dawa nitampa mpaka tone la mwisho. Ruhusa siwezi kumpa, anaingoja kutoka kwako. Jumapili usiwe mbali na simu.

Mwanao,
Wanjala, baba yake Naliaka