Wazee Niliowapita Bila Shikamoo

Tafadhali, wewe unayesoma, kabla hujaendelea niahidi kwamba hutamwambia mtu. Usimwambie rafiki, wala mume au mke, wala yule mwenzako mnayekunywa naye chai kazini. Kama unatoka Hanang au Mbulu na ukahisi unanijua, jifanye hunijui. Sijaandika jina langu wala la kituo changu, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Nimekagua mara tatu.

Jumamosi. Niko nyumbani, Endagikot. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, na sasa hivi saa nne asubuhi ukisimama mlangoni hulioni zizi. Leo watu wote wa hapa wanaona karibu tu, na jambo hilo linanipa faraja ambayo sijivunii.

Ndani ya begi langu kuna barua. Bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi. Najua kilichomo kwa sababu daktari wa macho alinisomea neno kwa neno kabla ya kuifunga. Imeandikwa kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo cha afya ninakofanyia kazi, kule upande wa Gendabi. Inasema kwamba mimi nisiendeshe chombo chochote cha moto.

Shida ni kwamba barua zote zinazoingia kituoni hupita mezani kwangu. Mimi ndiye karani. Mimi ndiye ninayeiandika kwenye rejista, ninayegonga muhuri wa IMEPOKELEWA, ninayeipeleka ndani. Barua ambayo sijaigonga muhuri haijafika.

Hakuna atakayejua.

Ngoja nieleze kwa mpangilio.

Nina mkataba wa mwaka mmoja, na unaisha mwezi ujao. Kwenye karatasi mimi ni karani wa kumbukumbu. Kwa vitendo, mara mbili kwa wiki mimi pia ni mwendesha pikipiki: ninambeba Sista Paskalina, muuguzi wetu, na boksi la baridi la chanjo tunakwenda vijijini, wakati mwingine hadi Dirma, kupima uzito na kuchanja watoto. Mfawidhi alishasema mbele ya kila mtu kwamba kwake karani asiyeendesha pikipiki ni nusu karani. Alicheka aliposema hivyo. Na mimi nilicheka.

Mambo yalianza na salamu, wala si na macho. Kama miaka miwili iliyopita watu walianza kuniambia nimebadilika. Mwalimu mmoja mstaafu alimwambia mama kwamba mwanae tangu asome amekuwa na kiburi, anawapita wazee kama magogo. Sokoni mtu ananiita, nageuka, namkuta amesimama mkono ameunyoosha, na uso wake tayari umekunjamana. Mkono huo nilikuwa sijauona. Nilikuwa naomba radhi, nasema nilikuwa na mawazo. Kwa nini nilikuwa na mawazo kila siku, sikujiuliza.

Ukweli ni kwamba nilijiuliza. Sikutaka jibu.

Kwa sababu mbele naona vizuri sana. Naweza kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Mtu anayeona hivyo atasemaje kwamba haoni?

Halafu ikaja ile Jumanne ya Gendabi. Mchana kweupe, jua kali, barabara kavu na pana. Nilikuwa naendesha polepole, Sista yuko nyuma amepakata boksi. Mbele yangu palikuwa peupe kabisa. Ghafla pikipiki ikagonga kitu laini, nikasikia Sista anapiga kelele, na gunia la mahindi likapasuka juu ya tanki la mafuta. Punda alikuwa amesimama kando ya barabara, amebebeshwa magunia ya kupeleka mashineni. Nililiparua gunia moja. Mwenye punda, bibi wa umri wa nyanya yangu, alikuwa amejirusha mtaroni.

Alinyanyuka kabla sijazima injini. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu.

“Wewe kijana wa chanjo!” alisema. “Juzi umenipita hapo kwenye duka, hata shikamoo hukunipa. Leo umerudi kunimalizia kabisa?”

Nilisema shikamoo. Sijui kwa nini, ndilo neno lililotoka.

“Sasa ndiyo unanipa? Baada ya kunigonga?” Akamgeukia Sista. “Huyu mtoto anatoka kwa watu gani?”

Sista alimsafisha kiwiko, akamfunga bandeji, na sote watatu tukapiga magoti kuokota mahindi. Punda peke yake ndiye aliyekuwa na furaha siku hiyo, alikula alivyotaka. Lakini mimi nilikuwa nahesabu. Ingekuwa nusu hatua tu upande wa kushoto, nisingegonga gunia. Ningemgonga yeye.

Na nilikuwa namtazama! Yaani, nilikuwa natazama barabara aliyokuwa amesimama kando yake.

Tuliporudi, Sista Paskalina hakupanda. Alitembea kando yangu nikiisukuma pikipiki, boksi kichwani, mwendo wa karibu saa nzima. Yeye ni mtu wa Songea, amekaa huku miaka mingi, ana watoto wakubwa kunizidi, na huwa hanyamazi. Siku hiyo alinyamaza mpaka tulipoliona paa la kituo.

“Mdogo wangu,” akasema, “sitamwambia mtu. Lakini nyuma yako sipandi tena mpaka upimwe.”

Kwa hiyo nikafanya kile ninachofanya kila ninapoogopa mtihani. Nilisoma. Kituoni kwetu, ukutani mkabala na meza yangu, kuna bango la kupimia macho, lile lenye herufi kubwa juu na ndogo chini. Nililivisha plastiki kwa mikono yangu. Nililikariri lote, mstari kwa mstari, kutoka kushoto na kutoka kulia, endapo wangenigeuzia. Wiki mbili. Nikawa nalisema kimoyomoyo nikipiga mswaki. Naandika haya na uso unawaka: nilikuwa nakwenda kupimwa kama naweza kuua mtu barabarani, na nilikuwa nimejiandaa kudanganya.

Juzi Alhamisi nilikwenda hospitali kubwa ya upande wa Mbulu. Daktari wa macho ni mama mmoja mpole, sweta la kijani, miwani imening’inia kifuani. Bango lilikuwepo. Nilivuta pumzi. Alilionyesha mara moja tu, nikasoma hadi mstari wa mwisho kwa kujiamini, na nusu ya herufi wala sikuhitaji kuzikumbuka, nilikuwa naziona. Akaandika. Nikafikiri nimepona.

Halafu akasogeza kiti, akakaa mbele yangu goti kwa goti, akaniambia nifunike jicho moja na nitazame pua yake tu. Akachukua kalamu yenye kifuniko chekundu.

“Ukiiona, sema.”

Nikasubiri. Nilidhani hajaanza. Nilimwona akimeza mate, na nilimwona akipepesa. Nikasubiri. Nilipoiona ile kalamu, ilikuwa imeshafika karibu na sikio lake.

“Sasa,” nikasema.

Alirudia pande zote, na jicho la pili. Aliniwekea dawa ya matone, akanimulika kwa muda mrefu, akaandika tena. Kisha akasema kipimo cha chumbani kinamwambia kuhusu jicho, ila yeye anataka kujua kuhusu barabara, kwa hiyo twende nje dawa ikiisha nguvu.

Nje alinikabidhi kwa Mzee Bura, dereva wa hospitali, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimpa shikamoo kwa sauti kubwa mno mpaka akacheka. Akanikalisha juu ya pikipiki iliyosimamishwa kwa stendi, injini imezimwa, nikitazama geti. Akanipa kalamu na karatasi. Kazi ilikuwa rahisi: tazama mbele kama unaendesha, na kila kitu kinachopita kiandike.

Kuorodhesha vitu ndiyo kazi yangu. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikaweka namba. Mama mwenye mwavuli. Baiskeli. Mbwa. Wanafunzi wawili. Gari jeupe. Nusu saa ilipokwisha nilikuwa na vitu tisa.

Mzee Bura naye alikuwa na karatasi yake. Yeye alikuwa na ishirini na moja.

Alinisomea vile nilivyovikosa kimoja kimoja, taratibu, bila kunicheka. Mkokoteni wa ng’ombe. Watawa wawili. Mtu mwenye magongo aliyepita umbali wa mkono wangu. Namba mbili za mwisho kwenye karatasi yake zilikuwa yeye mwenyewe, alipita mara mbili amebeba ndoo nyekundu.

“Mara ya pili nimekupungia,” alisema. “Nikasema labda kijana ana maringo.” Kisha akanishika bega. “Wewe si mbaya, mwanangu. Ni dirisha lako dogo.”

Nililia. Nimeona ni bora niseme tu.

Daktari alinieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho unakufa taratibu kuanzia pembeni. Hapa hawana dawa ya kuuzuia. Katikati panaweza kubaki pazuri kwa miaka mingi. Nitasoma, nitaandika, nitaendelea kuwa karani. Ila nisiendeshe. Akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo ambaye macho yalimsumbua. Nikasema hakuna.

Nimekuja nyumbani jana jioni na barua hii. Nilipanga kumwambia mama kwamba nina likizo fupi. Asubuhi hii aliniletea chai. Nimekunywa chai ya mama maisha yangu yote, na leo ndiyo kwanza nimetazama anavyoiweka: hakuiweka pembeni yangu kama anavyowawekea wengine. Aliiweka katikati kabisa, mbele ya kifua changu, na akasubiri mpaka niiguse ndipo akaachia.

Nikamuuliza anafanya hivyo tangu lini.

“Tangu kidato cha tatu,” akasema. “Ulikuwa unamwaga.”

Kisha akakaa, jambo ambalo asubuhi huwa halifanyi, akaniambia habari ya mjomba wangu mkubwa. Mimi nilimfahamu mjomba kwa jina moja tu, lile walilompachika kijijini: Bwana Mkubwa. Tuliambiwa alikuwa na majivuno, hakuwa anamsalimia mtu njiani, na kwamba mwishoni alipofuka, na watu wengine wakasema amestahili. Kwa daktari sikumkumbuka, maana kwetu alikuwa mtu wa majivuno, si mgonjwa wa macho. Alikufa nikiwa mdogo. Kwenye nyumba yake hawakuwa wanaenda watu.

“Alianza kwa kuacha kusalimia,” mama alisema. “Tukamnunia. Mimi dada yake nilimnunia miaka minne. Hakutuambia, na sisi hatukumuuliza.”

Alikuwa anatazama kikombe changu, hanitazami mimi.

“Wewe utatuambia?”

Nikaleta begi. Nikamwambia. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa kwa miaka miwili. Alishika bahasha kwa mikono miwili, akaigeuza, akanirudishia. Hakusema nifanye nini. Alisema tu kwamba kule bondeni vitunguu saumu vinahitaji palizi, na kwamba nikitaka kumsaidia nitembee nyuma yake.

Nimerudi sasa, kucha zangu zina udongo. Ukungu umepanda kidogo na zizi linaonekana.

Ninaogopa bado. Mfawidhi anaweza kusema hahitaji nusu karani, na mwezi ujao nitakuwa hapa napalilia. Nimemwandikia Sista Paskalina ujumbe nikamweleza yote. Amejibu kwamba tangu wiki iliyopita anajifunza kuendesha pikipiki kwenye uwanja wa mpira, ameanguka mara mbili, na kina mama wa Gendabi wanakuja kumtazama kama sinema. Anasema akifaulu mimi nitakaa nyuma nishike boksi na rejista, na nisithubutu kumpigia kelele kwenye kona. Sijui kama mfawidhi atakubali. Sista anasema hilo tumwachie yeye.

Jumatatu saa mbili kamili nitafungua rejista. Barua hii itakuwa ya kwanza. Nitaandika tarehe, nitagonga muhuri, na nitaipeleka mwenyewe ndani. Kabla ya hapo nitapita kwa yule bibi mwenye punda, kwa miguu, nisimame mbele yake nimpe ile shikamoo anayonidai tangu dukani.

Nilipoanza kuandika nilikuomba unitunzie siri hii daima. Nimesoma tena, na sasa naomba mpaka Jumatatu tu. Nataka niwe wa kwanza kuisema. Baada ya hapo mwambie yeyote, hasa yule anayedhani namringia.

Na kama siku moja ukinihitaji, nitakueleza namna ya kunifikia. Usije kwa ubavuni, wala usinipungie. Njoo kwa mbele, simama hatua tatu, taja jina lako. Ukinipa mkono, uinue mpaka usawa wa kifua changu, uuache hapo kidogo. Ukinikuta barabarani Gendabi au hapa Endagikot na nikakupita, niite. Na kama wewe ni mzee, tafadhali usiondoke umekunja uso. Simama, nisubiri nigeuke. Shikamoo yako inakuja.