Nyama Aliyoikataa Meitamei

Oltepesi, 6 Februari 2000

Kwa Mama Gathoni,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Mimi niko mzima, sijui nyinyi huko Noonkopir. Mzee Hiram anaendeleaje na kifua? Tangu mumpeleke hospitali mkaniachia boma, nimekuwa mchungaji kamili, mimi niliyesimama kuomba maji tu nikienda Rombo kwa kaka yangu. Nimekulia dukani Garissa, Mama. Ng'ombe nilimjua buchani.

Habari si nzuri. Ile ng'ombe nyekundu ilianguka jana ghafla. Nikaona ikifa yenyewe ni mzoga, mimi siwezi kula na hakuna Mwislamu atanunua. Nikakimbia na kisu nikaichinja ikiwa bado inapumua. Nilijikata kidogo mkononi. Nikampa jirani yenu Meitamei mguu, akarudi nyuma akipiga kelele kwa Kimaasai. Nilikasirika sana. Najua ni kwa sababu imechinjwa na Msomali. Basi mguu huo nimekutumia na lori ya maji ya Peterson, umchemshie Mzee supu.

Mwanao wa njiani,
Dahir

Noonkopir, 11 Februari 2000

Kwa mwanangu Dahir,

Hujambo? Sisi tunamshukuru Mungu, Mzee sasa anaweza kuketi kitandani.

Nyama ilifika. Kabla nipike nilipitia hospitali nikamweleza Mzee, akashtuka. Akauliza, "Damu iliganda?" Ati kama haikuganda, hiyo ni kimeta, na kimeta inaua watu. Nimetupa yote chooni. Meitamei hakukudharau, alikuwa anakuonya. Wewe umekula? Usiiguse tena, fukia. Huo mkono je? Nijibu na lori hiyo hiyo.

Mamako,
Gathoni

Oltepesi, 17 Februari 2000

Mama,

Nisalimie Mzee. Damu haikuganda. Na nyama nimekula.

Mkononi kumetoka kidonda, katikati cheusi kama makaa. Hakiumi, ndiyo maana sikukijali. Sasa mkono umefura mpaka begani na nasikia baridi juani. Meitamei alikuja leo, akanionyesha barabara kwa kidole, mara nyingi. Nimemwonea aibu. Lakini ng'ombe nitamwachia nani? Kisimani ni zamu, na yetu ni Jumamosi. Zikiikosa hazifiki zamu ingine. Meitamei naye ako na zake, zinaanguka pia. Lori inaondoka sasa na barua hii. Mimi nitapanda ile ya Jumatatu.

Naogopa, Mama.

Mwanao,
Dahir

Noonkopir, 2 Machi 2000

Kwa Mohamednur, Rombo,

Natumaini wewe na watu wako hamjambo. Hatujuani, na natamani tungejuana kwa mambo mengine. Mimi ni Gathoni. Ndugu yako Dahir aliniita Mama.

Barua yake ya mwisho niliipata Jumamosi tarehe 19 jioni. Nikakodi gari, nikafika kwa boma Jumapili. Alikuwa amelala kando ya kisima, Meitamei amemfunika na shuka yake mwenyewe. Alikuwa ameshatutoka. Ng'ombe wote walikuwa wamekunywa.

Watu wa msikiti wa hapa walikuja wakamswalia, lakini daktari alikataa aoshwe, kwa sababu ya ule ugonjwa. Hilo linanichoma mpaka leo. Naomba unisamehe, na mama yenu pia anisamehe.

Mzee wangu alitoka hospitali wiki iliyopita, lakini bado hana nguvu, na mimi sina moyo wa kumwambia. Kila asubuhi ananiuliza ni nani amepeleka ng'ombe maji. Namwambia ni Dahir.

Mama yake wa huku,
Gathoni