Neema Alivyotetea Kazi Yake ya Mbegu za Ngombe

Maman Neema, mupenzi wangu,

Huku Bukavu baridi inaniuma masikio, lakini roho yangu iko na furaha. Leo mutoto wetu ametetea memwari yake, kile kitabu cha kumaliza masomo, ku iniversite. Nilikaa nyuma kabisa, na haya kidogo: binti yangu anaeleza wakubwa mambo ya mbegu za ngombe dume, na sauti haitetemeki! Akaonyesha picha za mikroskopi. Mbegu za wakati wa baridi zinaogelea kama samaki wadogo sambaza mu ziwa. Za wakati wa joto kali, nyingi zimelala.

Profesa mumoja akamukatiza: "Wazo hili ulilitoa mu kitabu gani?"

"Si mu kitabu, Profesa. Papa yangu anachunga ngombe kule Kamanyola. Ni yeye aliniambia kwamba joto likizidi, dume anapanda lakini majike hayashiki mimba. Mimi nilipima tu, nikakuta ni kweli."

Profesa akavua miwani. "Huyo muzee iko wapi?"

Nikasimama, mimi niliyeachia masomo darasa la tatu. Watu wote wakapiga makofi, Neema akalia, na mimi pia.

Nusu ya yale makofi ni yako, weye uliyemulea. Mungu akulinde mpaka nikukumbatie.

Bwana yako,
Papa Neema