Kisu Chini ya Blanketi

Mumbi, nimetoka kwa cucu Gathoni, bibi yetu, sasa hivi. Siamini alichofanya Krismasi ya 1956.

Guka, mume wake, alikuwa ameanguka kwenye machimbo ya mawe Ruiru, uti wa mgongo ukavunjika, miguu ikapooza. Watu wakamlisha kama mtoto.

Ndugu yake Gichuru akatoka Thika kuja kugawa nyama ya mbuzi, ati mwenye boma, ambaye ndiye hugawa, hawezi tena. Kisu hakionekani. Wakakitafuta mpaka kwa kuku.

Cucu alikuwa amekificha chini ya blanketi ya guka. Ya guka, Mumbi.

Akawaambia, "Mwenye kugawa anacho. Mbebeni."

Wakambeba hadi uani. Guka akagawa akiwa ameketi, kila mtu fungu lake.

Gichuru akapewa kwato, akaambiwa mgeni ale taratibu.