Elinaja Mshana na Daftari la Alfajiri

Ni mwaka sasa, Baba Jennifer, tangu ulipotoka hapa Edmonton kuwahi basi la kwanza la kwenda ghalani, ukaacha miwani yako mezani. Bado ipo pale pale.

Ulikuwa mtu wa peke yako wewe. Wenzako mapumziko wanakunywa chai na kumsema meneja, wewe unamwuliza Rasa, yule dada wa Lithuania, "Alfajiri kwenu mnaiitaje?" Akakupa aušra. Zbigniew, Mpolandi wa forklift, ile gari ya kunyanyulia mizigo, akakupa świt na zorza. Ukarudi nyumbani umefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Tulikutania, Mpare na maneno ya watu wapi na wapi. Hukujali. Ulitueleza, tutake tusitake, kwamba aušra limetoka kwenye mzizi wa kale sana wa kung'aa, świt ni ndugu wa neno lao la mwanga, na zorza lina ndugu yake Lithuania, žara, wekundu wa mbingu. Rasa alipokuwa mjamzito ulimbebea maboksi mazito miezi mitatu. Hilo hukutuambia, katuambia mwenyewe msibani.

Neno moja lilikusumbua: utro, asubuhi ya Warusi. Wataalamu wanabishana, wengine wanalihusisha na aušra, wengine hawataki. Jumapili ile tumetoka kanisani ukasema, "Nimepata kitu kuhusu utro." Nikakwambia kula kwanza, makande yanapoa. Jennifer, macho kwenye simu, akasema, "Later, Dad." Ukacheka, ukala. Jumatatu moyo wako ukasimama ukiwa kituoni unangoja basi.

Tumefungua daftari lako ulimokuwa ukiandika maneno hayo. Umeandika utro, ukaweka nukta mbili, basi. Rasa hajui. Maktaba walitupa vitabu, navyo vinabishana vilevile. Sisi tunataka ulichotaka kusema wewe, na hakuna wa kumwuliza. Tumeshindwa, Baba Jennifer, na inatuuma.

Binti yako aliyekuwa akikujibu Kiingereza tu, siku hizi anaamka saa kumi na moja, anafungua ukurasa ule kando ya miwani yako. Anasema kwa Kiswahili, "Baba, nipo. Niambie."

Unakumbukwa na mimi mkeo Anaeli, binti yako Jennifer, kaka yako Eliamani huko Same, na wenzako wa zamu ya asubuhi.

Tutakukumbuka daima, mume wangu. Makande yangeweza kungoja.