Zamu ya Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi, nikishuka na mfuko wangu wa kazi, Bibi wa Chini ameniambia anauza nyumba. Kasema hivyo hivyo, huku anachambua dengu. "Nauza. Nimeona niwaambie ninyi kwanza." Kisha akarudi kwenye dengu zake. Mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Miaka kumi na moja tumepanga hapa juu, mimi na Mwalimu. Vyumba viwili, jiko, kiveranda cha kuanikia nguo. Ngazi arobaini na moja — Mwalimu, mume wangu, huzihesabu kila siku kana kwamba ipo siku moja itatoroka. Nyumba kongwe katika mtaa mkongwe. Kuta nene kiasi kwamba dirishani unaweza kujilaza, ukikunja miguu. Na kichochoro chembamba! Mke wa fundi viatu hunipa chumvi kutoka dirisha lake hadi langu, na mkono hata haujanyooka.

Kazini, kwenye karakana ya meno ya bandia, sikuwa na akili. Nimechonga jino la mbele likawa la farasi. Nimelirudia.

Naitaka nyumba hii. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu ameanza na magoti. Magoti yake yanataka lifti. Kuna maghorofa mapya nje ya mji, maji hayakatiki, lifti mbili. Kaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyofundisha fizikia.

Nikamwambia lifti haitakuuliza umelalaje. Jioni nimemkuta chini, kakaa kigodani kwa fundi viatu, anafundishwa kushona kisigino. Kabanduka pale baada ya saa nzima, anacheka. Kapanda ngazi bila kuhesabu.

Tunanunua. Benki nayo imekubali, haikuwa na maneno mengi.

Jumapili, 9 Machi

Wakili alipiga simu jana: funguo za nyumba ni ngapi? Aziandike kwenye fomu. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nyumba haina ufunguo. Haijawahi kuwa nao. Mlango ni mmoja tu, wa mbele. Nyuma ni ukuta wa jirani, na madirisha ya chini yana nondo. Mlango wenyewe ni mbao nzito, hauna kitasa wala tundu. Kwa ndani kuna komeo la mti, nene kama mkono wa mwashi. Mlango ukijibamiza, komeo linaanguka lenyewe mahali pake, na kulinyanyua ni kwa ndani tu. Ndiyo maana mchana Bibi huuwekea jiwe. Jiwe likiwa limeondolewa, unabisha. Unasikia kandambili. Halafu:

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi wa juu."

Miaka kumi na moja! Sauti yangu anaijua kuliko aliyenizaa, na bado lazima nijibu ndipo afungue.

Kwa hiyo lazima ndani awepo mtu. Saa zote. Sijawahi kulifikiria hilo, maana Bibi yupo tu, kama ukuta ulivyo. Leo nimemuuliza ni tangu lini. Tangu mama mkwe wake, akasema, na kabla ya hapo. Nyumba haijaachwa peke yake hata saa moja.

Na siku ya kumzika mumewe? Alikaa fundi viatu.

Na harusi ya mwanawe? "Ulikaa wewe."

Kumbe! Nilidhani nilibaki kwa sababu ya mafua. Bibi ndiye aliyeniambia nina mafua.

Hapo nikakumbuka kibao kilichokuwa mlangoni tulipokuja kutafuta vyumba. Kiliandikwa kwa chaki: *Vyumba vipo. Mpangaji awe mtu wa kutulia nyumbani.* Nilijua wanaogopa walevi. Walikuwa wanatafuta mtu wa zamu.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja bwana wa ofisi ya majengo ya kale. Mwalimu kampa jina papo hapo: Bwana Futi. Kaupima mlango mara tatu. Kaukwaruza kwa ukucha, kaunusa.

Nimemuuliza kwa adabu zote kuhusu kitasa. Kidogo tu. Akaniangalia kana kwamba nimeomba kumng'oa jicho mama yake. "Mlango huu hautobolewi, dada. Hata msumari wa kalenda." Kufuli na mnyororo, je? Pete za mnyororo nazo zinataka matundu. Akaniruhusu kengele ya mkononi.

Nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Anagusa kuta kama daktari anayegusa tumbo. Alisema nyumba za kichochoro hiki zinasimama kwa kuegemeana; ukibomoa moja, zilizobaki zinaanza kuhama. Nikamwambia meno nayo ni hivyo hivyo. Akaliandika kwenye daftari lake! Tukaagana marafiki.

Ijumaa, 14 Machi

Kitumbua kimeingia mchanga.

Amekuja mwana wa Bibi, Mfamasia. Mtu mpole, nguo zimenyooka, anaongea kama anasoma maelezo kwenye chupa ya dawa. Anamchukua mama yake akakae naye. Ghorofa ya nane. Katika mkataba imeandikwa wazi: nyumba itakabidhiwa tupu.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilifikiri nanunua nyumba na Bibi akiwemo, kama ngazi, kama jiwe la mlangoni.

Nikasema mbona anaweza kubaki, chumba chake kipo, sisi hatuna shida. Mfamasia akatabasamu. "Dada, mama amekuwa bawabu wa nyumba hii tangu ana miaka kumi na tisa. Hamjachoka kumtumia? Apumzike." Tena ana haki, hilo ndilo linaloniuma.

Bibi alikuwa anasikiliza, mikono mapajani. "Nitakwenda," akasema.

Jumanne, 18 Machi

Wifi yangu amepata habari kwamba nyumba haina ufunguo na inahitaji mtu wa kushinda ndani. Amejitolea kuhamia. Na kasuku wake.

Mwalimu kasema dada yake ana moyo mzuri. Nimesema hilo halina ubishi. Tukaendelea kula.

Jumamosi, 22 Machi

Bibi kapanda ngazi zote arobaini na moja leo, meno yake ndani ya kitambaa. Ya chini yanambana. Meno hayo nilimchongea mwenyewe mwaka juzi, na bila kujisifu, ni kazi yangu bora. Nikayakwangua kidogo pale mezani jikoni, huku chai inachemka.

Kila mteja nampa jaribio moja: aseme *sisimizi sita*. S ndiyo mtihani. Bibi bila meno S zake zote ni F, hata ajitahidi vipi.

"Fifimizi fita," akasema.

Nikamvika.

"Sisimizi sita. Sisimizi sita. Hapo sawasawa."

Tukanywa chai. Akaangalia ukuta, akaangalia dirisha. Akasema kule kwa mwanawe mlango unafunguka kwa namba. Unabonyeza, unaingia. Haukuulizi wewe nani.

Nikamuuliza waziwazi: Bibi, wewe unataka kwenda?

"Mwanangu, mtoto akimwomba mama yake wakakae pamoja, mama atasema nini? Atasema hataki kukaa na mwanawe?"

Nikasema basi nitasema mimi. Akanipiga gotini kwa kijiko. "Wewe hujanunua bado. Utasema kama nani?"

Kashuka polepole. Nimesikiliza kandambili mpaka chini.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Mwalimu sitaki tena. Kama kununua ndiko kumtoa, tubaki wapangaji. Mwalimu akasema tusiponunua sisi atanunua mwingine, naye atamtoa vile vile, tena na sisi juu yake. Fizikia tupu.

Ijumaa, 28 Machi

Leo ndiyo leo. Tulitakiwa ofisini kwa wakili saa nne: muuzaji, wanunuzi wawili, shahidi. Saa tatu tumevaa, tumesimama mlangoni, ndipo Bibi akauliza: "Na nani anabaki?"

Fundi viatu ndiye shahidi. Mkewe kaenda kliniki. Wifi — nikasema hapana kabla jina halijaisha mdomoni mwa Mwalimu.

Basi wakili akaja mwenyewe, na muhuri wake mfukoni, jasho linamtoka, akilalamika kwamba kichochoro hakina jina. Tumesaini juu ya meza ya Bibi, kwenye kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda. Penye *idadi ya funguo* wakili aliinua kalamu, akatuangalia mmoja mmoja. Akaandika: *hakuna*. Akapiga muhuri.

Nyumba ni yetu. Nimeandika tena ili nione: nyumba ni yetu. Nilipanda juu nikaegemeza shavu ukutani. Ukuta wa baridi, ule ule wa juzi na jana. Nimefurahi mpaka nikaona haya.

Kisha nikamsikia Bibi chini anafunga masanduku.

Jumamosi, 29 Machi. Saa tano asubuhi, nje

Naandika hapa hapa kwenye kidato cha mlangoni, daftari juu ya goti. Lilikuwa kwenye mfuko wangu wa kazi, niliotoka nao begani. Tuko nje sote. Wote! Ngoja nianze mwanzo.

Mfamasia alifika saa nne. Gari haliingii kichochoroni, kaliacha kule barabarani. Masanduku mawili, cherehani, mto wa kiti. Fundi viatu alibeba cherehani, Mwalimu masanduku, magoti na yote. Bibi alivaa gauni la kutokea na viatu vya kufunga. Tukatoka kumsindikiza, tulisema tutafika hapa nje tu, mlango uko wazi, jiwe liko mahali pake. Mke wa fundi viatu alikuwa analia dirishani. Mimi pia, sifichi.

Mfamasia akamshika mama yake mkono. Hatua kumi hivi. Bibi akasimama.

"Nimesahau meno," akasema.

Mfamasia akasema atamletea yeye. Bibi akasema meno ya mtu hayachukuliwi na mtu mwingine, akageuka. Akanipita karibu kabisa. Hakuniangalia.

*Nimesahau.* Niliisikia ile S. Safi, imenyooka, kama siku ya kwanza nilipomvika. Meno yalikuwa mdomoni mwake! Katika watu wote waliosimama pale ni mimi peke yangu niliyejua, maana niliyachonga mimi.

Nikanyamaza.

Akaingia. Nikaona ncha ya kiatu ikilisukuma jiwe, polepole, kwa upole. Mlango ukajibamiza. Komeo likaanguka. Sauti ile naijua.

Sasa ni nusu saa. Mfamasia amebisha mara tatu. Mara ya kwanza:

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

"Ngoja, natafuta meno."

Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu tukasikia vikombe. Amevua viatu, sasa ni kandambili. Kwa hiyo kandambili hakuzifunga kwenye sanduku. Nalo nimeliona, nalo nimelinyamazia.

Fundi viatu katuletea vigoda. Mwalimu kasema, kwa sauti ya darasani, kwamba kwa kadiri anavyoelewa nyumba imekabidhiwa na tayari ina mtu wa zamu, kwa hiyo dada yake hana haja ya kusumbuka. Nimempenda sana mume wangu.

Mfamasia hacheki. Kakaa kando yangu, tai kailegeza. Kasema taratibu, safari hii si kama chupa ya dawa: "Mbona hakuniambia?" Nikamwambia hawezi kukuambia wewe. Kisha akasema, haya dada, mwenye nyumba ni wewe. Bisha wewe. Akikufungulia, utakalosema nitalisikia.

Nimebisha. Hapa nilipokaa, kwa kiganja tu, bila kusimama.

Kandambili zinakuja.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Wote wananiangalia. Nilitaka kusema wa juu. Ulimi ulikuwa tayari.

Mfamasia kaniwahi, kaweka mdomo karibu na mbao: "Mama, meno umeyaona?"

"Sijayaona bado," anasema Bibi. "Sasa nimeuliza: mimi nani?"

S zote safi kabisa. Mfamasia anageuka kuniangalia. Nadhani naye amesikia.