Tofali ya Emérence

Nyabiondo, Masisi
tarehe 14 ya mwezi wa nane, 1966

Kwa kaka Grégoire, Goma
Kwa mukono wa Kabera, dereva wa kamyo

Mpendwa kaka Grégoire,

Nakusalimia sana, wewe na bibi yako Constance na binti yenu Rosalie. Muko wazima? Kikohozi ya Constance ilipona ao bado inamusumbua? Huku kwetu tuko, Mungu anatushika. Maharagi ya msimu hii zilioza na mvua, mihogo njo inatulisha. Mama aliyekulea ana homa tangu Pasaka, inaenda inarudi. Macho yake inaona mwangaza tu sasa, lakini anasali, anakula kidogo, na kila siku anauliza kama Grégoire ameandika.

Umeandika, tumeona. Barua yako nilimusomea mara mbili. Unasema Rosalie ataanza masomo mwezi wa tisa, na anakuuliza wewe ulisomea wapi, na wewe umeanza kusahau. Unaniomba nikukumbushe mutaa yetu ya zamani na shule yetu ya kilima, upate kitu ya kumuhadisia.

Ee Grégoire! Hauna haya hata kidogo? Shule unayoulizia haiko huku. Iko huko kwako, na wewe njo unalala ndani yake.

Nilitaka kuchana barua yako niwashie moto. Mama akasema muntu akiomba habari ya kwao, asinyimwe. Basi nitaandika. Kuandika kwangu ni kwa kalasi ya tatu, unajua sababu, utavumilia.

Mutaa yetu ilikuwa nyumba saba chini ya shule. Yetu, ya papa yako Émile, ya mwalimu Théophile na zingine ine. Njaa ikikukuta kwa nani, unakula kwa huyo, hakuna aliyeuliza mutoto ni wa nani. Mama yako alipokufa, ulibeba tu blanketi yako ukavuka kiwanja ukaja kwetu, na Mama akaongeza maji mu chungu. Asubuhi ukungu ilikuwa inafunika kilima, tunasikia mwalimu anagonga kipande ya chuma na hatumuone. Muhadisie Rosalie habari ya kinga ya mwalimu, ile baiskeli ya kwanza mu kilima nzima, ambayo yeye aliibeba ku bega zaidi kuliko yenyewe kumubeba. Hiyo itamuchekesha. Mimi pia inanichekesha bado.

Shule ya kwanza ilikuwa ya miti na matope. Mwaka wa 1949 mvua iliiangusha, na mwalimu akasema sasa tutajenga ya tofali za kuchoma, kila mutoto afinyange zake. Utakuwa umesahau hiyo pia? Tulichota udongo kule bwawani, tukaikanyaga mpaka magoti yetu ikageuka nyekundu, na wamama wakaleta kuni za kuchomea. Kila muntu alitia alama yake ku tofali, mwalimu apate kujua nani amefinyanga vizuri na nani amefanya uvivu. Wewe ulikuwa unagandamiza kifuniko ya chupa. Mimi, mbegu tatu za maharagi.

Emérence mudogo wangu hakuwa wa masomo bado, alikuwa na miaka ine. Alitufuata tu, anatusumbua. Siku moja akaweka mukono yake ya kuume yote juu ya tofali yako mbichi, vidole vitano, na kile kidogo kilichopinda tangu aliposhika chungu ya moto. Wewe ukamupiga kofi. Nakumbuka kofi ile, maana alilia mpaka Mama akaacha jembe mu shamba akakuja. Ulitaka kuivunja uifinyange upya. Mwalimu Théophile akakataa. Akasema huyu amejiandikisha mbele ya saa yake, na tofali ichomwe hivyo hivyo. Walipojenga, aliiweka yeye mwenyewe kando ya mulango ya kalasi ya kwanza, chini, kwa urefu ya mutoto.

Mwaka uliofuata surua ikapita, na Emérence akaenda nayo. Mimi wakanitoa ku masomo nisaidie Mama kulima, kwa sababu Mama alikuwa anaanza mustari anauacha, anakaa chini. Wewe uliendelea. Sikukuonea wivu, Mungu anajua. Nilikuwa nakuona unapita na kitabu, nasema huyu atasoma kwa sisi wawili.

Foto ya Emérence hakuna, nani alikuwa na foto wakati ule? Kaburi yake ilienda na mulima, ile mvua ya 1961, ilipobomoka pamoja na makaburi zote za upande ule. Ilibaki mukono ile mu ukuta. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, Mama alipanda kilima, anainama, anaweka mukono yake pale. Anashuka anaenda kupika.

Na mwalimu aliipa kazi. Kwingine, kwa kuandikisha mutoto, wanamupitisha mukono juu ya kichwa aguse sikio. Kwetu aliongeza kitu yake: mutoto anaweka mukono ku tofali ya Emérence. Ikiifunika, anaingia kalasi ya kwanza. Ikibaki ndogo, arudi nyumbani akule sombe, majani ya mihogo, kwanza. Miaka kumi na tano watoto wote wa kilima waliingia kwa ruhusa ya Emérence. Tofali ililainika kama sahani. Wadogo zako wa tumbo moja walipita pale, na wewe ulikuwa unawashika kiuno wasianguke.

Halafu fujo ikakuja. Hiyo sitakuandikia, kila muntu aliona yake. Tulikimbia mpaka Mweso, tukakaa kule mwaka na nusu kwa nyumba ya watu, Mama anaomba jambo moja tu, ukuta usianguke. Tuliporudi, mabati ya shule ilikuwa imeenda, mbao imeenda, lakini kuta zilikuwa zimesimama. Mama alipapasa mulango, akaikuta. Akacheka! Sijamusikia akicheka vile tangu utoto wangu.

Basi mwezi wa pili wa mwaka huu kamyo ikakuja, na barua yenye muhuri ya duara. Mwalimu Théophile alisimama mu mulango ya kalasi na fimbo yake, muzee yule, akasema hakuna tofali inatoka hapa. Wakamupa barua. Akaisoma. Ilisema matofali za shule ya zamani zipelekwe kwa kujenga. Haikusema kujenga nini, wala wapi. Lakini chini kulikuwa jina yako, na ile «G» yako yenye mukia, ambayo yeye njo alikufundisha kuichora. Akageuka akatuambia: «Ni Grégoire wetu. Anatujengea shule mupya kule chini ku barabara.»

Na sisi tukaamini. Nani angefikiri ingine? Ulikuwa mutoto wetu mu biro ya serikali, ulisoma kwa sisi wote. Hatukuuliza hata neno. Tulipanga mustari kutoka kilima mpaka barabarani, wakubwa kwa wadogo, tunapitisha tofali mukono kwa mukono, na kuimba, kaka, tuliimba nyimbo za masomo. Siku mbili. Wafanyakazi wa kamyo walikaa chini wanavuta sigara, maana hatukuwaachia kazi.

Ile ya Emérence Mama hakumupa muntu. Aliifunga mu kitenge yake, akashuka nayo mugongoni pole pole, na akamupa Kabera mu kabine. Akamuambia iwekwe kando ya mulango ya kalasi ya kwanza, chini, wasisahau. Kabera akaitika. Hakujua anaitika nini, alikuwa ameambiwa tu kubeba.

Kamyo ikapita barabarani pale, haikusimama. Tukasema labda inaenda kugeuza. Tulingoja mpaka jua likaingia ku mulima. Mama njo alibaki wa mwisho.

Kabera aliporudi baada ya wiki tatu hakuweza kutuangalia usoni. Alisema ameshusha kwa nyumba ya Papa Grégoire, kwa sababu Goma ni mawe meusi ya volkano tupu, hakuna udongo, na tofali nyekundu ni heshima kubwa. Mwalimu Théophile tangu siku ile hasimami tena na watu misa ikiisha. Anatoka kwa mulango ya nyuma. Watoto wa hapa wanasomea chini ya mabati mbili, na mvua ikianza, mwalimu kijana anawarudisha nyumbani.

Nilikutumia neno kwa Kabera. Ukajibu kwa kinywa yake kwamba matofali zile ulizifinyanga na mikono yako mwenyewe, na kwamba shule ilikuwa imekufa. Ni kweli, ulifinyanga. Ishirini, nakumbuka, na mbili zilipasuka. Nyumba yako, Kabera anasema, iko na vyumba vine na baraza.

Watu wanasema kikulacho kiko mu nguo yako. Mimi nilikuwa nasema hiyo ni maneno ya wazee. Ingekuwa mugeni alifanya hivi, ningelia siku mbili na kunyamaza. Lakini wewe ulikula mu chungu yetu, Grégoire, na jina yako njo ilifungua mulango, bila jina yako mwalimu asingetoka pale. Nina uchungu na wewe. Sina neno ingine ya kuita kitu hii.

Sasa sikia ninachokuomba, na ukifanye mara tu ukimaliza kusoma. Kabera anasema mafundi wamemaliza kupaka simenti mu vyumba viwili, na watapaka vingine na baraza mwezi huu. Wasimamishe. Siku moja tu. Mushike Rosalie mukono, mupite ku kuta zote zisizopakwa, chini na juu, mupapase tofali kwa tofali. Usitafute kwa macho, mikono inaona vizuri zaidi. Mutaijua kwa kidole kile kidogo.

Mukiikuta, musiichimbue, itavunjika. Iacheni wazi, muniambie, na nitamuleta Mama mu kamyo hata kama homa iko. Na Rosalie aweke mukono yake pale. Ikifunika ya Emérence, muambie basi ameingia shule yetu. Hiyo njo habari uliyoniomba, sina ingine ya kumuhadisia mutoto.

Kama iko tayari ndani ya simenti, usivunje kitu. Mama hataki. Andika tu ni chumba gani na ukuta ya upande gani, ajue kugeukia wapi akisali. Lakini sema kweli. Usimupe ukuta yoyote kwa kumutuliza, Grégoire, umekwisha kutudanganya kwa kunyamaza.

Musalimie Constance, yeye sina neno naye. Papa Émile anakusalimia, ingawa alisema nisiandike. Mwalimu Théophile nilimuuliza kama ana salamu. Akauliza tu kama «G» yako bado iko na mukia. Nilimuambia iko.

Siku nyingi nilikuwa na laana ya nyumba yako tayari mu kinywa, nangoja tu siku ya kuisema. Mama alinikataza. Anasema nyumba ile ikianguka, itamuangukia mutoto wake Emérence mukononi. Kwa hiyo, mbele yake, naandika vile alivyotaka: Mungu ailinde nyumba yako, kaka. Isiungue, isipasuke, volkano isiifikie, na kila muntu anayelala ndani yake aamke muzima.

Ni mimi dada yako ninayekupenda bado, na inaniuma,

Adelaïde